Jile ya dola 20 kutoka Birere: nimeijaribu ndani ya maji ya Kivu

Jile hii, yaani koti la kuelea la kuokoa maisha majini, niliinunua Birere, sokoni hapa Goma, muda mfupi baada ya ajali ya tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni. Mimi nasafirisha maharagwe kutoka hukohuko Minova. Jile za kwenye boti nazijua: zimefungwa fungu moja chini ya viti, na kulifungua fundo lake kunataka kisu. Nikaona bora nibebe yangu.

Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, ndiyo maana wengi wanalidharau. Lakini kina chake kinapita mita 400, na upepo ukiamka hakuna wa kubishana na mawimbi. Siku ajali ilipotufika sisi, nikiwa nimevaa jile yangu, moteri ilizimika upande wa kisiwa cha Tchegera. Boti ikakaa ubavu, magunia yakateleza yote upande mmoja, nikajikuta majini.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichonunua. Cha thamani kwenye jile ni mkanda unaopita katikati ya miguu. Kijana mmoja karibu yangu alivaa isiyo na mkanda huo: kila wimbi likija, jile inampanda mpaka masikioni, yeye anazama ndani yake. Yangu ilikaa kifuani palepale, na kola ikanishikilia kichwa juu ya maji.

Kisiwa cha Tchegera ni cha Hifadhi ya Virunga, na magadi wa paraki, yaani walinzi wa hifadhi, ndio waliotuona. Walikuja watatu kwenye kano ndogo iliyokuwa inarushwa kama kikapu. Hawakutujia moja kwa moja. Walizunguka, wakazima moteri wakiwa bado mbali kidogo ili elisi, yaani pangaboi la moteri, isikate miguu ya watu, ndipo wakatupa kamba. Yule kijana vidole vyake havikuweza tena kushika. Gadi mmoja akajifunga kamba kiunoni, akaruka. Wimbi likambamiza kwenye ubao wa boti yetu, damu ikamtoka kwenye paji la uso, lakini mkono wake haukumwachia mtoto wa watu. Mungu ambariki yule baba, jina lake sikulipata.

Mimi walinivuta kwa mshipi wa mabegani. "Mama, usitusaidie, legeza mwili!" Mshono ulilia, haukukatika.

Kasoro zipo. Kifungio cha kiunoni kimeanza kushika kutu. Firimbi ikiingia maji hailii mpaka uikung'ute, na majini nani ana mkono wa kukung'uta? Saizi ya watoto nimeuliza mara mbili, hawana, na hilo linaniuma, maana watoto wanavuka kila siku.

Juma lililopita nilirudi kumnunulia mdogo wangu. Muuzaji akanitolea ya dola 12, mpya, inang'aa. Nikaigeuza, nikatafuta mkanda wa miguu, haupo. Nikamrudishia, nikalipa 20.