Pasi ya nywele ya nyumbani: kipimo cha joto kwanza

Pasi ya nywele ninayoizungumzia hapa ina vibao vyembamba vya seramiki na kioo kidogo kinachoonyesha nyuzi joto kuanzia 120 hadi 230. Niliinunua katika duka moja la vipodozi Kariakoo, na ninaipendekeza kwa sharti moja.

Uzuri wake mkubwa ni kile kioo. Pasi nyingi za bei nafuu zina swichi na taa nyekundu tu, hivyo mtumiaji hajui kama anazipitishia nywele zake nyuzi 160 au 220, ilhali tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama zitanyooka au zitakatika. Nywele zangu, ambazo zina dawa, hunyooka vizuri kwa 160. Dada yangu, mwenye nywele za asili zilizojaa, huhitaji 180 au zaidi kidogo, naye huchukua fungu jembamba, hutanguliza kitana na kupitisha pasi mara moja, bila kuituliza mahali pamoja. Zile 230 zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi sioni kazi yake kwa matumizi ya nyumbani, kwa sababu joto kali namna hiyo huharibu protini inayoujenga unywele, na hakuna mafuta yatakayoirudisha.

Nywele ziwe zimekauka kabisa. Ukisikia mlio wa "chwaa" na kuona mvuke ukifuka, maji yaliyobaki ndani ya unywele yanachemka na kuupasua kutoka ndani. Acha mara moja. Mafuta ya kukinga joto nayo yapakwe kidogo na yaachwe yakauke.

Sharti lenyewe ni hili: pasi hii haijizimi. Swichi yake ni ya kusukuma, kwa hiyo umeme ukikatika hubaki palepale ilipowashwa, na umeme ukirudi pasi hupata moto upya, hata kama imelazwa kitandani na mwenyewe ameshaondoka. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa plagi papo hapo, na wakati wote iweke juu ya kigae, mbali na maji na mashuka. Waya usizungushiwe pasi ikiwa bado ya moto, maana huanza kuchakaa pale unapoingilia kwenye mpini.

Ukiwa dukani, geuza mpini usome maandishi: yawepo 220–240 V, kwani pasi ya Marekani iliyoandikwa 120 V pekee itaungua ukiichomeka kwenye umeme wetu. Ikikuunguza sikio au shingo, mwagia maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, wala usipake dawa ya meno.

Mwenye watoto wadogo nyumbani namshauri aongeze fedha anunue inayojizima yenyewe.