Kulala nyumba ya watu Lamu: uzoefu wangu nikiwa mwanamke peke yangu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Chumba cha mtu mmoja na chai ya asubuhi, nililipa shilingi 2,000 za Kenya kwa usiku. Haukuwa wakati wa Maulidi wala Desemba. Nyakati hizo bei hupanda, na kama hukupiga simu mapema hata chumba chenyewe hukipati. Kwenye programu za kukodisha vyumba nyumba hiyo hiyo ilikuwa ghali zaidi, kwa kuwa wenye programu nao wana fungu lao. Kwa simu unaongea na binti wa nyumba, unatuma kiasi kidogo kwa M-Pesa, mambo yamekwisha.

Nyumba iko Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale, nyuma ya Usita wa Mui, ile njia kuu inayokwenda sambamba na bahari. Haina kibao. Ramani ya simu itakufikisha penye ukuta na kukuacha hapo. Vichochoro vingine vya Lamu vinamtosha punda mmoja na mzigo wake, nawe ukikutana naye ni wewe unayerudi nyuma. Kwa hiyo waambie waje kukupokea gatini. Kwangu alikuja mjukuu wa mwenye nyumba, mtoto wa miaka kama kumi, akanipokea mkoba wa mkononi kwa heshima zote, begi kubwa akaniachia mwenyewe.

Kwa wanaotoka bara: basi linaishia Mokowe, kisha unavuka kwa boti. Njiani kuna vizuizi vya polisi, hivyo kitambulisho kiwe karibu, si chini ya begi.

Ukiingia unapita kwanza daka, lile baraza la mlangoni lenye viti vya mawe pande mbili, halafu kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na vyumba vimeuzunguka. Chumba changu kilikuwa kirefu na chembamba kama behewa. Nilidhani wamegawa chumba kikubwa ili wapate wateja wawili, mpaka kijana wa nyumba aliponionyesha dari. Dari hubebwa na boriti za mkoko, na boriti ina urefu wake. Ukitaka chumba kipana zaidi ya hapo, itakubidi usimamishe ukuta mwingine katikati. Ndiyo maana nyumba za mawe za zamani zina vyumba vya umbo lile lile. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene hasa, na saa saba mchana jua likiwaka nje, ndani unaweza kulala usingizi bila feni. Kitanda kilikuwa cha kizamani chenye miguu mirefu, shuka safi, chandarua kisicho na tundu (nilikikagua). Zidaka za ukutani, ambazo zamani zilipangwa sahani za kaure, mimi nilipangia chaja, dawa ya meno na mafuta ya nywele.

Sasa bafu. Ni moja kwa vyumba viwili, na kwa aliyezoea bafu la chumbani hili litamsumbua. Nilipouliza kwa nini hawaongezi jingine, kijana akasema mji wa kale ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na kubomoa ukuta si jambo la kuamka asubuhi na nyundo. Kuna ruhusa za kutafuta. Pembeni mwa bafu kuna birika, tangi la kujengwa, unachota maji kwa kata na kujimwagia. Mara ya kwanza nilipochungulia nikaona kitu kinatembea mle ndani. Samaki! Wadogo, weusi, wanazunguka polepole kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwao bila hodi. Nikapiga ukelele. Kutoka jikoni Bi Mkubwa, mama mwenye nyumba, akajibu bila hata kuuliza kuna nini: "Ni wa mbu hao, mwanangu, waate!" Yaani waache. Hula viluwiluwi vya mbu, na ni desturi ya miaka mingi katika nyumba hizi. Shawa ipo pia, lakini hutoka inapojisikia. Maji ya kuoga yana chumvichumvi. Nywele zako zitajua. Ya kunywa nunua.

Chai ya asubuhi imeandikwa saa mbili, na saa mbili ya nyumba hii ni saa tatu kasoro. Sikulalamika, kwa sababu kinachochelewa ni mahamri, na mahamri yanachelewa kwa kuwa yanakaangwa muda huo huo. Yanakuja juu ya sinia yakiwa yamefura, iliki inanukia, pamoja na bakuli la mbaazi za nazi. Nazi inakunwa pale pale kiwandani, Bi Mkubwa au mkwe wake amekalia mbuzi na ungo mbele yake. Mbaazi za hotelini Mombasa nimezila sana, na nyingi zina uji wa nazi ya pakiti. Hizi zilikuwa na tui zito lililoganda pembezoni mwa bakuli, na mimi ambaye kwa kawaida silali na njaa wala siamki nayo, niliomba kuongezwa.

Lakini ningekuwa nasifu chakula na kuta tu nisingechukua muda kuandika. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, anachonunua kwenye nyumba ya familia ni jina la nyumba. Lamu ukikutana na mtu, baada ya salamu anakuuliza, "Umefikia wapi?" Ukitaja hoteli, wewe ni mtalii, na mazungumzo yanaelekea kwenye safari za mashua na kofia za kununua. Ukisema umefikia kwa Bi fulani, mtu anajipanga upya. Kijana mmoja alinifuata kuanzia ngome, akinieleza kwamba dada mzuri hatembei peke yake. Nikamwambia mimi ni mgeni wa nyumba ile. Akanyamaza, akauliza, "Kwa Bi Mkubwa?" Kisha akasema nimsalimie, akaenda zake. Jioni salamu zilipofika, Bi Mkubwa akataka kujua alikuwa amevaa nini, na nina hakika mama yake kijana alisikia habari kabla ya isha.

Jina hilo lina gharama yake. Ukitoka unaulizwa unaenda wapi. Ukirudi unaulizwa umekula nini. Siku niliyosema nataka kwenda Shela kwa miguu, nilipewa kwanza mhadhara wa bahari: nenda maji yakiwa yametoka, maana yakijaa njia ya ufukweni inafunikwa mahali mahali, na wakati wa kurudi panda boti. Ushauri mzuri, niliufuata. Ila jua lilipoanza kuzama simu ikalia: "Mama anauliza uko wapi." Nimeishi peke yangu Nairobi miaka mingi, hakuna anayeniuliza hivyo, na nilikereka kidogo. Tena mlango mkubwa unafungwa kwa komeo saa nne usiku na mgeni hapewi ufunguo. Ukichelewa, unamwamsha mtu. Kama safari yako ni ya kukesha, tafuta penginepo, na sisemi hivyo kwa kejeli.

Lalamiko langu la kweli ni hesabu. Jioni niliitwa kula, "Karibu ule, mwanangu," nikala wali na samaki wa kupaka kama mtu aliyekaribishwa. Siku ya kuondoka nikakuta vyakula hivyo kwenye bili. Bei haikuwa mbaya, ni ya haki kabisa, ila ningeambiwa mapema. Si nyumba hii peke yake. Nyumba nyingi za namna hii nilizofikia hazijaamua wapi ukarimu unaishia na wapi biashara inaanza. Binti aliona haya kuliko mimi, akapunguza bila kuombwa. Wewe uliza siku ya kwanza, bila kuona soni, kipi kimo na kipi hakimo. Safari ya mashua ya mpwa wao nayo ni ghali kuliko ya gatini. Nilikataa, na hakuna aliyeninunia.

Mengine kwa ufupi: umeme ulikatika mara kwa mara, na usiku usio na upepo utalitambua hilo. Intaneti ya nyumba inatosha kutuma ujumbe, si kufanya kazi. Punda hulia usiku wa manane, wakijibizana mtaa kwa mtaa. Hakuna aliyeniambia nijifunike, ila nilitembea na leso begani na gauni refu, na nilikuwa na raha zaidi hivyo.

Nyumba nyingi kubwa za Mkomani zimenunuliwa na wageni na kukodishwa nzima nzima kwa pesa ambazo mimi sina. Hii bado wanaishi wenyewe, na vyumba viwili vya juu ndivyo vinavyolipia chokaa ukuta ukimomonyoka na boriti ikiliwa. Nitarudi, na nitaomba chumba kile cha upande wa paa, kinachopata upepo wa kusi. Ukipiga simu, piga baada ya alasiri. Asubuhi binti yuko kazini na simu inapokewa na mjukuu, ambaye atakukubalia kila unachoomba.