Vile vijiti vya sola vya kufukuza nyoka: pesa yako ipeleke kwingine

Naandika hii juu naona vinauzwa sana sai, kuanzia maduka ya Luthuli Avenue mpaka mtandaoni, na watu wa Nairobi tumenunua ploti kila mahali, Kitengela, Isinya, Joska, wengine wamejenga, wengine wazazi wamehamia huko baada ya kustaafu, na swali la kwanza huwa ni hilo tu, nyoka je? Mamangu anakaa Isinya. Kakangu alimpelekea pakiti ya vijiti vinne, elfu tisa na kitu, tukavidunga kila kona ya boma, na nimevifuatilia kiangazi chote mpaka mvua ikanyesha.

Kenyewe ni kijiti cha plastiki, juu kana paneli ndogo ya sola, ndani betri ya kuchaji na kamota. Unakidunga kwa ardhi, kinachaji na jua, alafu kila baada ya sekunde kadhaa kinanguruma, mchana na usiku. Boksi linasema nyoka akihisi huo mtikisiko anadhani kuna mnyama mkubwa anakuja kwa hivyo anahama, na ati kijiti kimoja kinalinda zaidi ya mita za mraba 600. Linasema pia kinatoa ile sauti nyembamba sana ambayo binadamu hatuisikii. Hiyo ya sauti nyembamba itoe kabisa kwa hesabu. Nyoka hana sikio la nje, sikio lake la ndani limeshikana na mifupa ya taya, na anachopata vizuri ni mtikisiko wa ardhi na sauti nzito za chini. Hiyo nyembamba haimfikii hata kidogo.

Inabaki hiyo ya mtikisiko, na hapo ndipo nataka mnisikize, kwa sababu inakaa ya maana mpaka ujiulize ni nyoka gani anakusumbua. Huku kwetu hatari ya kila siku ni bafe, yule mfupi mnene, kichwa kipana, mgongoni ana michoro kama V zimefuatana. Bafe hakimbii nyayo! Maisha yake yote anategemea rangi yake, analala kwa nyasi kavu ama kando ya njia anangoja panya apite, na ukikaribia ndio ananyamaza zaidi, ndio sababu watu wanamkanyaga. Koboko (black mamba) na swila (kobra, wengine hutema sumu) mara nyingi wakihisi mtu anakuja wanajiendea wenyewe kama hujawabana. Kwa hivyo hata tukikubali kijiti kinafanya kazi vile wanasema, kitamfukuza yule ambaye angetoka hata ungepita tu na gambuti zako, na yule anayebaki palepale kitamwacha palepale.

Na tumeona kwa macho. Kijana anayemsaidia mama na ng'ombe alimkuta bafe amejikunja kando ya kuni, hatua chache tu kutoka kwa kijiti, na kijiti kinanguruma kama kawaida. Namshukuru sana huyo kijana maana hakuchukua rungu. Alisimama mbali akamwangalia asimpoteze, akazuia kuku na watoto wa jirani, akapiga simu, tukampata jamaa anayeshika nyoka akaja na koleo ndefu na ndoo ya kifuniko, akamtoa bila mtu kuumia. Watu wengi wanaumwa wakijaribu kumuua ama kumshika, na bafe akiamua kugonga ni haraka sana hata kama anaonekana mzito. Kama huna mtu wa kumwita piga simu KWS, wale wa shirika la wanyamapori, usijitume.

Kuna pia mambo ya ardhi yenyewe. Isinya ni ule udongo mweusi, kiangazi unapasuka nyufa unaingiza mkono mzima, na sioni vile mtikisiko wa kamota kadogo utavuka hizo nyufa ufike mbali, mimi nikisimama hatua nne sikuwa nahisi kitu kwa mguu. Alafu hizo nyufa ndizo nyumba za nyoka na panya, ziko kila mahali. Mvua ilipokuja vijiti viwili viliingia maji vikanyamaza, tulirudi dukani tukaambiwa haina waranti. Hivyo viwili vingine bado vinanguruma, mama anasema vinamnyima usingizi.

Na msikimbilie dawa zingine za agroveti pia. Unga wa salfa na naftalini zimejaribiwa na watafiti na nyoka wakapita juu yake bila shida, alafu naftalini ni sumu kwa mtoto akiila. Oil chafu ya gari inaharibu udongo na maji ya kuku. Kuchoma tairi ni moshi tu unaoumiza kifua cha mzee.

Hiyo elfu tisa ingefanya nini? Sisi tulianza na kuku, kwa sababu nyoka haji boma kukutafuta wewe, anakuja kufuata panya, na panya wanakuja kufuata chakula cha kuku kilichomwagika, na vifaranga na mayai pia yanaita nyoka wengine. Chakula sai kinawekwa kwa pipa la kufunga, jioni panafagiliwa. Banda tumezungushia wavu wa waya wenye matundu madogo kabisa, si ule wa kawaida wa kuku ambao nyoka anapenya, na chini tumeufukia. Kuni zimepandishwa juu ya mbao ziache nafasi chini, mawe yaliyobaki ya kujenga yameondolewa, nyasi karibu na nyumba zinakatwa ziwe fupi, na mlango wa nyuma tumeziba ile nafasi ya chini. Haya mengi hata si pesa, ni jasho la wikendi.

Ya pesa ni hii. Gambuti nzuri ndefu, kwa sababu bafe huuma mguu, mara nyingi chini ya goti. Tochi ya kuvaa kichwani, maana bafe anatembea usiku na choo iko nje. Hizo mbili zimebadilisha maisha ya mama kuliko kila kitu. Na neti ya mbu, lakini uichomeke chini ya godoro pande zote, swila huingia nyumbani usiku na kuna watu wameumwa wakiwa wamelala, hasa wanaolala chini.

Swila akikutemea macho, osha na maji mengi safi, muda mrefu, dakika kumi na tano ama zaidi, alafu hospitali. Akiuma nyoka yeyote usikate, usinyonye, usifunge kamba, na tafadhali lile jiwe jeusi mliache, halivuti sumu yoyote. Toa pete na bangili kabla ya kufura, mgonjwa asitembee, mguu ama mkono ulioumwa ufungwe na ubao usisogee, boda iwabebe watatu mgonjwa akiwa katikati mkikosa gari, na mwendo ni hospitali si kwa mganga. Kama picha inapatikana kutoka mbali sawa, kama haipatikani mwache nyoka aende zake.

Dawa yenyewe, antivenomu, tunaagiza kutoka nje, na lazima iwe imetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Afrika, ile ya nyoka wa India haisaidii kwa bafe wetu. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka wa 2017, na ukizunguka hospitali za mashambani utaelewa kwa nini. Hapa Karen kuna kituo cha utafiti wa nyoka pale Institute of Primate Research wanafanya kazi nzuri. Na kama mzazi wako hajui kutofautisha nyoka, mpeleke Snake Park pale Museum Hill, amwone bafe kwa kioo taratibu, mama alisimama pale muda mrefu akauliza maswali yote.

Vijiti nimevipa nyota moja, na hiyo ni ya paneli ya sola, inachaji vizuri. Sai natafuta kitu kimoja: hospitali gani upande wa Isinya, Kitengela ama Kajiado mjini ina antivenomu kwa friji mwaka mzima, si ya kutumwa Nairobi usiku? Mwenye anajua kwa hakika, amepiga simu ama amepeleka mgonjwa, tafadhali atuambie.