Makumbusho ya Freemason, London: ingieni tu, hamsajiliwi

Kiingilio bure, wala hakuna anayekuandikisha uanachama. Naanza na hilo maana nilipowaambia ndugu zangu wa Tanga kwamba nimeingia makao ya Freemason, Great Queen Street, swali la kwanza lilikuwa nimepewa shilingi ngapi. Kwetu wanajulikana kwa zile karatasi za kwenye nguzo za umeme: jiunge utajirike, piga namba hii.

Mimi ni mkalimani, na kilichonipeleka ni msemo. Mawakili wa Kiingereza wanapenda kusema mteja kapewa "third degree", daraja la tatu, yaani kahojiwa kwa ukali. Mimi nasema "walimweka kitimoto", kazi inaendelea. Wengi hudhani ni habari za majeraha ya moto. Asili inayotajwa zaidi ni ya Freemason.

Wana madaraja matatu: mwanagenzi, fundi, fundi mkuu. Anayepandishwa la tatu anaigizishwa kisa cha Hiramu, mjenzi wa Hekalu la Suleimani. Mafundi watatu wanamvizia milangoni wakitaka awape siri ya fundi mkuu. Wa kwanza anauliza, ananyimwa, anampiga. Wa pili vilevile. Wa tatu anammaliza kwa nyundo. Ubao wa kufundishia daraja hilo huchorwa jeneza, fuvu na tawi la mgunga. Usipokijua kisa utadhani ni uchawi.

Sahani na glasi nilizipita haraka, si mambo yangu. Ila kiti cha enzi kikubwa mno cha 1791, alichotengenezewa mwana wa mfalme aliyekuja kuwa George IV, kisimamieni. Sijui aliketije, labda kwa ngazi! Jengo lenyewe, la 1927 hadi 1933, ni kumbukumbu ya wanachama waliokufa Vita Kuu ya Kwanza, na kila ubawa wa milango ya Hekalu Kuu, ukumbi wao mkuu, una uzito wa zaidi ya tani moja.

Nusu ya pili ya msemo iko Marekani. Polisi wa huko walipouchukua, maigizo yakaisha: kunyimwa usingizi, taa usoni, kipigo. Mwaka 1931 Tume ya Wickersham, tume ya serikali, ilitoa ripoti kuhusu unyama huo. Mwaka 1936, kesi ya Brown dhidi ya Mississippi, Mahakama ya Juu ilifuta hukumu za kifo za Weusi watatu walioungama baada ya kuchapwa mikanda ya ngozi.

Ndiyo maana siku hizi wakili akitamka "third degree" namsimamisha: maswali tu, au na mkono? Mtu aliyepigwa, ukimwambia alikuwa "kitimoto", umemdhulumu.

Shukeni kituo cha treni cha Holborn au Covent Garden, ni karibu kwa miguu. Ulizieni ratiba ya ziara kabla ya kutoka nyumbani, maana hekalu likiwa na shughuli halionyeshwi.