Kampuni ya ulinzi, Kampala: nyota mbili kutoka kwa askari aliyerudisha magwanda

Nyota mbili kati ya tano, na zote ni za mafunzo. Jina la kampuni naliacha. Ukizunguka Kampala kutafuta kazi ya ulinzi utakutana nayo tu, au na pacha wake.

Mafunzo ni mazuri, sibishi. Wakufunzi ni wanajeshi wastaafu na amri zote ni za Kiswahili, kwa hiyo sisi wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tuliozoea Kiswahili, tulikuwa tumeshageuka nyuma wakati wenzetu bado wanaulizana afande kasema nini. Kushika silaha, kupekua gari, kuandika kitabu cha matukio: hayo nimeondoka nayo.

Halafu unapelekwa lindoni. Mimi walinipa geti la ghala moja eneo la viwanda. Kwenye karatasi, zamu ni kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita. Piga hesabu mwenyewe, maana Sheria ya Ajira ya 2006 inazungumzia saa 48 kwa wiki. Lakini kinachoua hasa ni mtu wa kukupokea. Asipokuja, huwezi kuegemeza bunduki ukutani ukaenda zako kulala. Unampigia msimamizi: "Vumilia kidogo afande, mtu yuko njiani." Huyo mtu anatokea saa tisa mchana, au hatokei kabisa, na jioni zamu yako inaanza upya. Saa hizo hazilipwi, hata chai huletewi. Siku moja dereva wa lori alishuka akafungua geti mwenyewe, mimi nimesimama palepale, macho wazi, nimelala.

Mshahara ulikuwa laki mbili na nusu kabla ya makato. Wanakata magwanda, wanakata buti (soli ilibanduka mvua ya kwanza), wanakata asilimia 5 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ambayo mwajiri anatakiwa kuongezea 10 zake. Nikaja kufungua NSSFGo, programu ya mfuko huo, kwenye simu, nikakuta miezi mingine mitupu kabisa, hakuna mchango ulioingia, na karatasi ya mshahara inaonyesha nimekatwa. Siku hiyo ndiyo niliamua kuondoka. Mshahara mdogo niliukubali mwenyewe siku ya kusaini; hili la kunikata bila kupeleka hakuna aliyeniomba.

Na usijidanganye kwamba utawashtaki kwa udogo wa mshahara. Kima cha chini kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, rais hakuusaini. Elfu sita! Rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) mbili tatu na soda, mwezi umeisha.

Mnaotaka kutoka, msitoroke. Andika barua. Aliyemaliza mwaka na hajafika mitano anatoa notisi ya mwezi mmoja. Nakala yako isainiwe na aliyeipokea, na udai cheti cha utumishi, ni haki yako. Pale stoo jamaa alizigeuza buti zangu chini juu, akaniuliza kwa uso mkavu soli ziko wapi. Nikamwambia aangalie kwenye mtaro wa barabara ya ghala. Akaandika "zimepotea", akanikata tena.

Cheti ninacho. Ile miezi mitupu nimeifikisha NSSF pamoja na karatasi zangu zote za mshahara, na wamezipokea.