Mwani kwenye hori: uzoefu wangu na kiongezeo cha kupunguza methani

Ugumu wa kuipima bidhaa hii ni kwamba kazi yake huioni. Ukimpa ng'ombe mashudu mazuri, ndoo ya maziwa itakujibu. Ukimpa dawa ya minyoo, manyoya yatakujibu. Kiongezeo cha mwani kinadai kupunguza methani, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo sehemu kubwa hutoka mdomoni ng'ombe akibeua, si nyuma kama watu wanavyopenda kutania. Zizini kwangu sina kipimo cha gesi hiyo. Ninachoweza kukisifu au kukilaumu ni ulaji, maziwa na utunzaji wa bidhaa yenyewe. Kuhusu gesi nawategemea waliopima.

Na waliopima wapo. Mwani unaozungumziwa ni Asparagopsis, jamii ya mwani mwekundu. Watafiti wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti wa sayansi la Australia, na wa Chuo Kikuu cha James Cook cha huko huko, waliulinganisha na aina nyingine maabara, ukaziacha mbali. Mwaka 2021, Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichapisha jaribio la maksai waliolishwa kwa takriban miezi mitano, na katika baadhi ya makundi methani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Siri yake ni bromofomu, kemikali ambayo mwani huu huitengeneza wenyewe. Kwenye tumbo la kwanza la ng'ombe kuna vijidudu vinavyochukua haidrojeni na kabonidioksidi na kutengeneza methani. Bromofomu hukizuia kimeng'enya wanachokitegemea katika hatua ya mwisho.

Kwa hiyo ukienda kununua usiridhike na neno "mwani" kwenye mfuko. Unga wa mwani wa kahawia unauzwa miaka mingi kama chanzo cha madini, na kwa kazi hiyo sina neno nao, lakini methani hautaigusa sana. Hata wekundu peke yake si hoja: mwani mwekundu unaolimwa kwa ajili ya karajinani, kitu cha kufanya vyakula viwe vizito, si huu. Mimi huuliza mambo mawili tu, kiasi cha bromofomu na tarehe ya kutengenezwa. Muuzaji akianza kuzunguka, naondoka.

Tarehe ina maana kuliko nilivyodhani. Bromofomu huruka kama manukato kwenye chupa iliyoachwa wazi, na ikisharuka umebaki na chumvi ya bahari ya bei mbaya. Ndiyo maana nilichagua mwani uliolowekwa kwenye mafuta badala ya unga mkavu. Mafuta huishika vizuri zaidi, na pia hushikamana na pumba, haupeperuki horini. Naweka pahali pa baridi, pasipo jua, kifuniko kimekazwa. Na glovu huvaliwa. Bromofomu ikizidi ni sumu, mtu asikudanganye kwamba kitu cha baharini hakidhuru.

Ulaji: mwanzoni ng'ombe walinusa, wakachagua-chagua. Molasi na silaji vilimaliza ubishi huo, lakini kipimo hakitaki mkono wa kukadiria. Jaribio jingine la Davis la mwaka 2019, kwa ng'ombe wa maziwa, lilionyesha kwamba dozi kubwa ilipunguza methani sana, na papo hapo ng'ombe wakala kidogo na maziwa yakapungua. Mimi napima kwa mizani.

Maziwa yangu hayakupungua, wala hayakuongezeka. Nasema hili kwa sababu wauzaji hupenda hesabu ya nishati: ng'ombe hupoteza kati ya asilimia 2 na 12 ya nishati ya chakula kama methani, basi ukiizuia itageuka maziwa. Inapendeza kuisikia. Kwenye ndoo sijaiona.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni madini joto. Mwani una mengi, nayo huingia kwenye maziwa. Daktari wa mifugo alinishauri nibadilishe chumvi ya kulamba, nikachukua isiyoongezwa madini hayo. Muulize na wako, na uhakikishe pia kama sheria ya ulipo inaruhusu kiongezeo hiki kwa ng'ombe wanaokamuliwa.

Kwa mifugo ya malishoni sikishauri kwa moyo mmoja. Dawa hii inataka kuwamo tumboni siku nzima, na anayechunga hawezi kuhakikisha hilo. Jaribio la malishoni lililochapishwa mwaka 2024 lilipata upungufu wa chini kidogo ya asilimia 40. Si haba, ila ni nusu ya ile ya zizini.

Methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kabonidioksidi kwa kipindi cha miaka 20, kisha hukaa angani miaka 12 hivi tu, kwa hiyo ukiipunguza leo nafuu haichelewi. Sina ubishi na hilo. Ubishi wangu ni kwamba nafuu ni ya wote na gharama ni ya mfugaji. Kwa sasa anayenunua maziwa yangu huongeza kidogo kwa ajili ya mwani, basi wanaokamuliwa wanaendelea kuupata, mitamba hapana. Nyongeza hiyo ikikatwa, nitarudi kwenye mashudu matupu.