Huduma ya unasihi kwa mtoto aliyetishwa na kipindi cha darasani: tathmini ya mzazi

Nilitafuta mnasihi wa watoto baada ya binti yangu wa miaka sita kulala siku tisa mfululizo mikono yake ikiwa nje ya shuka, vidole vyote kumi vimetanuliwa, asikubali hata viwili vigusane. Shuleni walikuwa wameonyeshwa kipindi cha televisheni kuhusu usafi, na humo mlikuwa na kijidudu cha kuchorwa, chenye macho mekundu na meno marefu, kilichojificha chini ya kucha za mtoto aliyesahau kunawa. Kipindi kilikusudia mema, na sina shaka na nia ya mwalimu aliyekichagua. Hata hivyo, mimi sikujua habari zake hadi siku ya sita, kwa kuwa mtoto wa umri ule hana maneno ya kusimulia kilichomtisha. Alichoweza kuniambia ni kwamba "yumo", huku akininyoshea kidole gumba.

Mnasihi alitupokea sote wawili, akaketi sakafuni, na katika kikao chote cha kwanza hakuuliza swali hata moja kuhusu televisheni. Alitandaza karatasi na penseli za rangi, akachora vitu vyake mwenyewe kimyakimya, akasubiri. Ilipita takribani nusu saa kabla binti yangu hajamchora yule kijidudu, mdogo kabisa, pembeni mwa karatasi. Hapo ndipo maswali yalipoanza, nayo hayakuwa yale niliyoyatarajia: huyu anakula nini, analala saa ngapi, yeye naye anaogopa nini? Binti yangu alifikiri kwa muda mrefu, kisha akajibu kwamba anaogopa sabuni. Karatasi ilikunjwa mara nne, ikatiwa ndani ya kiberiti kitupu, na mtoto akaambiwa kwamba kiberiti ni chake, akiweke anapotaka na akifungue anapotaka.

Kosa langu mwenyewe lilionekana siku hiyohiyo. Nilipoanza kusema, "Lakini mwanangu, yule si wa kweli", mnasihi alinizuia kwa upole, na tulipobaki wawili akanieleza: "Mama, ukimwambia si wa kweli anakusikia, ila macho yake yalimwona." Maneno hayo yanaafikiana na utafiti. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliyechunguza kwa miaka mingi hofu ambayo watoto huipata kwenye televisheni na filamu, alionyesha kwamba watoto wadogo, hadi kufikia kama miaka saba au minane, hutishwa zaidi na sura ya kitu kuliko uwezekano wa kitu hicho kutokea, na kwamba kukumbatiwa, kushika kitu wanachokipenda au kukizoea kidogo kidogo kile kinachowatisha huwasaidia kuliko maelezo. Mimi nilikuwa nimetumia siku tatu nzima kueleza.

Kikao cha tatu ndicho ambacho ningependa kila mzazi na kila mwalimu wakione. Mnasihi alikuwa amekitafuta kipindi chenyewe, jambo ambalo shule ilikuwa imeshindwa kunifanyia. Alikifungua kwenye kompyuta bila sauti, picha ikiwa imesimama na imepunguzwa hadi ukubwa wa stempu, akampa mtoto kipanya mkononi. Alimwambia mara moja tu kwamba yeye ndiye atakayeamua. Binti yangu alibonyeza, picha ikasogea kidogo, akaisimamisha, akanitazama, akabonyeza tena. Alifanya hivyo labda mara kumi na tano. Katika kikao cha nne aliikuza picha mwenyewe hadi ikajaza kioo, akasogeza uso karibu, akasema meno yake yamechorwa vibaya. Usiku ule mkono wa kushoto ulilala ndani ya shuka. Wa kulia uliufuata baada ya siku mbili.

Kwa kazi hiyo ya chumbani sina ila la kusifu. Upungufu wa huduma uko nje ya chumba. Katika ukumbi wa kusubiria kuna televisheni kubwa inayowaka muda wote kwa sauti ya juu, na siku ya pili ilikuwa ikionyesha taarifa ya habari yenye picha za moto mbele ya watoto ambao wengine, bila shaka, waliletwa kwa hofu kama ya binti yangu. Niliomba izimwe, ikazimwa. Juma lililofuata niliikuta inawaka tena. Kijitabu wanachowapa wazazi nacho kinachanganya umri wote, kana kwamba dawa ni moja. Lakini mtoto mkubwa huweza kutishwa na jambo lililotokea kweli. Kwa mfano, tarehe 28 Januari 1986 wanafunzi wengi nchini Marekani walikuwa madarasani wakitazama moja kwa moja kurushwa kwa chombo cha anga Challenger, kwa sababu mwalimu Christa McAuliffe alikuwa miongoni mwa watu saba waliomo, na baada ya sekunde 73 kikasambaratika mbele ya macho yao. Mtoto wa miaka kumi aliyeona jambo la namna hiyo hahitaji kiberiti. Anahitaji mtu mzima amweleze ukweli bila kuupamba, ajibu maswali yake na akubali kwamba huzuni yake ina sababu. Kijitabu hakina hata ukurasa mmoja juu ya hilo.

Lililonisikitisha zaidi ni barua kwa shule. Nyumbani mtoto anayeogopa huondoka chumbani au hujificha mgongoni mwa mzazi wake. Darasani ameketi kwenye safu, ameambiwa anyamaze, na anaona haya mbele ya wenzake. Kwa hiyo niliomba barua ya kumweleza mwalimu haya. Ilichukua majuma matatu, na ilipofika ilimtaja binti yangu kuwa "mtoto mwenye hisia kali", bila neno lolote kuhusu kipindi, wala ushauri kwamba mwalimu akitazame kwanza mwenyewe, awataarifu wazazi mapema, na amruhusu mtoto kugeuka au kutoka bila kuulizwa. Niliirudisha. Barua ya pili iliandikwa na mnasihi mwenyewe, ikayasema yote matatu kwa ukurasa mmoja, na sasa mwalimu hutuandikia siku moja kabla ya kuonyesha kipindi chochote.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka minane ningewarudia bila kusita, nikiomba miadi ya asubuhi mapema ili tusikae ukumbini, na barua ya shule ningeiomba kwa mnasihi moja kwa moja tangu kikao cha kwanza. Kwa mtoto mkubwa ningeuliza kwanza kama yupo anayejua kuzungumza naye kuhusu mambo yaliyotokea kweli.